Funguo Mbili za Chumba cha Barua

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na ukungu ulifunika mashamba ya viazi ya Mau Narok hadi kando ya barabara. Cheptanui alifika kliniki bila mwavuli. Alilipita benchi la wagonjwa, ambalo tangu mvua zianze lilikuwa limehamishiwa baraza la nyuma, na waliokaa hapo wakanyamaza mara moja. Hakumsalimia yeyote. Alienda moja kwa moja ofisi ya mbele.

"Sista, nani amewaambia watu wa kina Kipruto nilikuwa na kifafa?"

Sista Nakhumicha, mkuu wa kliniki hiyo ndogo, aliinuka akafunga mlango. Ndani walibaki wanne: yeye, Cheptanui, Winrose wa mapokezi, na Mzee Jamleck.

"Hiyo kitu iliisha nikiwa darasa la tano," Cheptanui alisema. Maji yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye kitambaa cha kichwa. "Kipruto nilikuwa nimwambie mwenyewe, pole pole. Jana wazee wao wamekuja wakasema mambo ya harusi tusahau. Nikawauliza, mmesikia wapi? Wakasema, kliniki."

Jamleck aliangalia viatu vyake. Barua iliyotaja kifafa hicho aliikumbuka. Ilikuwa imepigwa chapa zamani na daktari mmoja wa Nakuru, na wiki iliyopita yeye ndiye aliyeiingiza kwenye kompyuta.

Makabati yalikuwa yamejaa barua kama hizo. Kazi yake tangu Machi ilikuwa kuzichapa upya, moja moja, kila moja kwenye faili ya mgonjwa wake katika mfumo mpya. Alikuwa amejifunza kompyuta katika darasa la jioni, akiwa na miaka hamsini na mbili, kati ya vijana waliomwita guka, yaani babu. Alipopewa kazi hii aliipokea kama wito. Kila mara kabla ya kugusa kibodi alisoma barua, akapiga magoti, akamwombea mgonjwa kwa jina lake na kwa ugonjwa wake. Ndipo akachapa. Akitoka, alifunga mlango na kuujaribu tena. Nyumbani, mkewe Rahab alikuwa ameacha kumuuliza habari za kazini.

"Na wewe si wa kwanza, mama," Sista alimwambia Cheptanui. "Juzi ni Hiram na sukari yake. Kabla ya hapo ni Sue na mimba iliyoharibika. Chumba cha barua kina funguo mbili tu."

Macho yote yalimgeukia Winrose.

"Aki Sista, mimi huingia huko kufagia!"

"Na hiyo simu? Mchana wote unaongea na nani?"

"Na chali yangu, mpenzi wangu! Mambo ya wagonjwa nitayapeleka wapi? Wagonjwa wenyewe wananitosha. Wengine hapo nyuma hata hawaumwi. Wanakuja saa moja kung'ang'ania benchi, na wakipewa dawa hawaendi."

Hakuna aliyecheka.

"Mzee Jamleck," Sista alisema, "na wewe?"

"Mungu ni shahidi, Sista. Hakuna binadamu nimewahi kumwambia."

Walimwamini, na alikuwa anasema kweli. Lakini aibu ilimpanda. Winrose ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kuhifadhi kazi ili stima ikipotea isipotee nayo. Siku za kwanza, alipofuta barua nzima kwa kidole kimoja, ndiye aliyeirudisha bila kumcheka. Neno moja tu la kumtetea lingetosha. Halikutoka. Ndani ya moyo wake alikuwa ameshamhukumu.

"Leta ufunguo," Sista alisema. "Enda nyumbani mpaka tuone."

Winrose aliuweka mezani.

"Guka, hata wewe unaona ni mimi?"

Jamleck alitoka. Alienda haraka hadi chumba cha barua, chenye kuta za mbao, akajifungia. Mezani ilimngoja barua ya Mathenge, aliyoisoma jana jioni. Hakuigusa. Alipiga magoti, akainua mikono, akaomba kama alivyoomba kila siku, kwa nguvu zake zote.

"Baba, nisamehe. Nimemwacha mtoto wa wenyewe aaibishwe, mimi nimekaa tu. Kama ni Winrose aliyetoa habari ya Cheptanui na kifafa, mbadilishe. Kama si yeye, mfichue aliyefanya haya. Leo hii, Baba. Hapa hapa." Macho yake yaliangukia barua, na mazoea yakamshinda. "Na Mathenge naye, Bwana, umguse hiyo ngiri inayomsumbua. Amina."

"Amina!" likaitika benchi lote, upande wa pili wa mbao.

Jamleck alibaki magotini, mikono ingali juu. Kisha akainuka, akaufungua mlango. Winrose alikuwa amesimama barazani na mkoba wake, Sista na Cheptanui nyuma yake, na mwisho wa benchi Mathenge alikuwa amefunika uso kwa kofia. Jamleck alivua yake.

"Jioni nitaenda kwa wazee wa kina Kipruto, niwapigie magoti," alisema, kwa sauti ndogo kuliko walivyowahi kuisikia. "Na mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi: kuanzia leo nitaomba kimya."