Kimya cha Dakika Moja

Mrefu aliisoma mara mbili kadi iliyowekwa juu ya sahani, kisha akavua beji ya jina lake na kuitia mfukoni.

Kadi ilikuwa na picha ya binti aliyetabasamu kidogo, kama mtu aliyeambiwa atabasamu. Odette Hargis, mwaka wa tatu, anasomea udaktari na utafiti kwa pamoja. Atazungumza kuhusu marehemu kaka yake.

"Wewe, beji yako iko wapi?" Bi. Renata alimuuliza. Alikuwa msimamizi mpya, siku yake ya pili kazini, na karatasi ya majina haikumtoka mkononi.

"Pini imekatika, mama."

"Sasa mimi nikuiteje? Na ninyi nyote sikieni: friji ni ya chakula cha wageni. Nikikuta vifurushi vyenu humo navitoa nje, sitaki lawama."

Wahudumu wakacheka, isipokuwa Mrefu. Jina hilo walimpa wenzake kwa sababu kila alipopita mlango wa jikoni ilibidi ainame. Asubuhi hiyo, kama kila siku, alikuwa ameficha mfuko wake mdogo wa karatasi nyuma ya maziwa.

Alimfuata Marcellus, mwenzake, akamwomba wabadilishane meza.

"Uikimbie meza ya Bwana Ostermann? Tajiri mzima?" Marcellus alichungulia ukumbini, akamwona binti wa kwenye kadi ameketi karibu na yule mzee. "Ahaa! Kumbe ni binti daktari. Unamjua?"

"Tumekulia mtaa mmoja. Kule Florissant."

"Basi nenda ukammiminie maji, bwana wee. Ila huyo si saizi yako, nakwambia mapema usije ukalia."

Wote waliokuwa ukumbini walijua kilichomleta Odette kwenye chakula kile cha mchana. Majira ya kuchipua, serikali ilikuwa imekata fedha zilizowabeba wanafunzi kama yeye. Miaka miwili ya darasani alikwishaimaliza. Bado minne ya maabara, na miwili mingine ya wodini. Bwana Ostermann, aliyetajirika kwa kuuza mabomba ya maji, angembeba mwanafunzi mmoja tu kati ya watano waliokuwapo. Wengine wangeiacha maabara.

Mrefu alitaka achaguliwe Odette. Alimkumbuka akiwa na miaka kumi na miwili, akipasua jicho la ng'ombe juu ya meza ya jikoni kwa kisu cha kukatia nyanya, akimwamuru kila aliyepita, "Shika hapa. Usitetemeke."

Alipofika kummiminia maji, Odette aliifunika glasi kwa kiganja.

"Asante," alisema, akiitazama glasi.

Mrefu aliporudi jikoni, mikono yake ilikuwa ikitetemeka na jasho limemtoka shingoni. Akanywa glasi nzima ya maji ya machungwa, hapo hapo, amesimama.

"Mapenzi hayo!" Marcellus akamcheka. "Mwenzio hata kukutazama hakutazami, na wewe huku unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa."

"Ni njaa tu," alisema Mrefu, akachukua jagi na kurudi ukumbini.

Odette alikuwa amesimama. Hakuwa na karatasi, na alizungumza kwa sauti ndogo hadi watu wakaacha kula ili wamsikie. Kaka yake alikuwa na kisukari tangu utotoni, alisema. Aliacha chuo akafanye kazi, ili yeye asome. Insulini ilipopanda bei, akawa anapunguza dozi ili kichupa kimoja kifike mwisho wa mwezi.

"Nikimwuliza, ananiambia anatumia zote. Nilimwamini, kwa sababu nilikuwa na mtihani."

Akaisogeza glasi yake kando.

"Asubuhi moja nilimkuta kitandani, ameshakufa."

Mrefu, ukutani na jagi lake, alikuwa akitikisa kichwa kulikubali kila neno. Kwa hilo la mwisho alitazama chini.

Bwana Ostermann alijifuta macho kwa kitambaa cha mezani. Alishika ukingo wa meza akainuka taratibu.

"Binti yangu, miaka yako yote iliyobaki iko juu yangu. Na mfuko huu wa masomo nataka tuupe jina la kaka yako. Alikuwa anaitwa nani?"

Mrefu alimwona Odette akitafuta mlango kwa macho.

"Lemuel," akasema.

"Basi tusimame. Dakika moja, tumkumbuke Lemuel."

Viti vikakwaruza sakafu. Watu mia mbili wakainamisha vichwa, na wahudumu nao wakasimama walipo. Mrefu aliweka jagi chini akainamisha chake. Mama mmoja aliyemwona machozi yakimtiririka alimgusa mkono, kumpa pole.

Ndipo mlango wa jikoni ukasukumwa kwa kiwiko. Bi. Renata alitoka na mfuko wa karatasi katika mkono mmoja, na katika mwingine kijiboksi cha dawa alichokisogeza mbali na macho yake ili asome maandishi ya duka la dawa.

"Insulini nyuma ya maziwa yangu!" alisema kwa sauti, kabla hajauona ule umati uliosimama kimya. "Nani hapa ni Lemuel Hargis?"

Marcellus, aliyekuwa nyuma yake na sinia la keki, alinyoosha kidevu kuelekea ukutani.

"Si huyo hapo, Mrefu!"

Vichwa vyote ukumbini vikainuka na kumgeukia. Kimoja tu kilibaki kimeinama, cha dada yake.