Walioachwa Majini

“Msisimame,” alipiga kelele Mzee Msellem. “Nendeni. Nawaambia nendeni.”

Jecinta, mfanyakazi aliyemuuguza, aliacha uji jikoni akakimbilia chumbani. Ilikuwa saa tisa alasiri, wakati ule ule wa kila siku. Alimkuta mzee ameinua kidevu juu ya mto, miguu inapiga shuka, mikono inachota hewa. Alimshika mabega, akamsemesha polepole mpaka akatulia. Kisha akamsogezea kijiko cha maji. Mzee akaubana mdomo, akageukia ukutani.

Ilikuwa siku ya nne hali wala hanywi, ila matone aliyopakwa midomoni kwa pamba. Daktari alishapanda mpaka pale kwao ghorofa ya sita, mtaa wa Silicon Oasis, Dubai, akasema haoni ugonjwa mpya. Ni mwenyewe hataki. Hospitali mzee aliikataa zamani, akili zake zikiwa timamu, na bintiye Shadia alimwahidi hatampeleka.

Shadia alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

“Leo kasema vile vile?”

“Vile vile, madam.”

Shadia akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamsimulia. Baba yake alizaliwa Unguja. Alichukuliwa ubaharia ana miaka kumi na tisa, Vita vya Pili vimepamba moto. Wakamtia kwenye meli ya Waingereza ya kubeba ndege, ndogo tu, kazi yake kusindikiza meli nyingine zisizamishwe njiani. Mabaharia Waswahili wakiiita Meza, maana juu ilikuwa bapa tupu. Ilikuwa lazima ikimbie kwa kasi kuelekea upepo ndipo ndege ziweze kuruka.

“Vita vilipokwisha waliing’oa ile sitaha ya ndege, wakaitia winchi na vyumba vya mizigo, wakaibadilisha na jina. Ikawa meli ya biashara, ikipakia karafuu, pamba, saruji. Wenziwe wote waliondoka. Yeye akabaki nayo miaka kumi na tisa, mpaka ikaenda kuvunjwa vyuma chakavu. Alipewa kazi nzuri zaidi bandarini, akaikataa. Baharia mmoja aliyefanya naye kazi baadaye aliniambia kwamba kila wakipita kusini ya kisiwa cha Seloni, baba huenda nyuma kabisa ya meli, akasimama peke yake akitazama walikotoka.”

“Kuna nini huko?”

“Hajatwambia. Ila mimi nimeshaunganisha. Kuna watu waliachwa majini, Jecinta. Baba alikuwa zamu sitahani. Aliwaona, na akasema meli isisimame, kwa kuogopa nyambizi. Miaka sabini sasa inamla.” Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. “Sheikh kamsomea. Nami nimemwambia Mungu anasamehe. Hanisikii. Ataondoka hivi hivi na mzigo wake, na mimi sina la kufanya.”

Akatoka kwenda kuswali.

Jecinta alibaki na kijiko mkononi. Baba yake mwenyewe alifia Nyamira miaka miwili iliyopita, akiuliza kila mara kama binti yake amefika, na yeye alikuwa hapa hapa Dubai, kafeel wake, yule mwajiri wa wakati huo, amekataa kumpa ruhusa ya kusafiri. Waliomzika walimwambia kwamba mzee aliondoka akilia. Hakuweza kukaa kitako amtazame na wa pili akienda vile. Alikuwa ameshasali. Ameshambembeleza, hata kumwimbia kwa Kigusii, lugha ambayo mzee hakujua neno lake hata moja. Kilichobaki kilikuwa uongo, na yeye hakuzoea kusema uongo.

Aliufunga mlango. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika ule mkono mkavu.

“Babu, nisikilize. Mimi nimetumwa na wale walioachwa majini.”

Miguu iliyokuwa bado ikichezacheza ikatulia.

“Wamesema nikuambie hawakufa. Kuna meli nyingine ilipita nyuma yenu, ikawatoa. Walirudi kwao, wakaoa, wakazaa. Mimi ni mjukuu wa mmoja wao. Hawana kinyongo na wewe, Babu. Ulifanya vile ungeweza. Walikusamehe zamani.”

Hapo mwishoni hakujua tena anasema na baba wa nani.

Mzee aligeuza kichwa taratibu. Yale macho, yaliyokuwa na ukungu wiki nzima, yalimtazama sawasawa. Yalikuwa makavu, na ndani yake mlikuwa na mtu. Jecinta akanyakua kikombe kabla nafasi haijapita. Mzee akafungua mdomo. Akanywa funda moja, akapumzika, akanywa la pili.

“Walitolewa wangapi?” akauliza, kwa sauti iliyokauka.

“Wote, Babu. Hakubaki hata mmoja.”

Mzee alimwangalia kwa huruma, kama kwamba mgonjwa ni yeye. Akampapasa kiganja kwa kidole gumba.

“Una moyo mwema, mwanangu,” akasema. “Lakini siku ile aliyeanguka majini ni mimi, peke yangu. Meza ilisimama dakika kumi na moja kuniokoa, ndege hata moja haikuruka, na meli ya askari tuliyokuwa tukiilinda ikazama na watu mia nne.”