Sasa Iko na Nafasi

Lynnet alijua imeguswa kabla skrini haijawaka, maana laptopu yake kuukuu ilikuwa ikinguruma. Haikuwa imenguruma hivyo tangu aiwekee mwenyewe Linux, ule mfumo wa bure, mwepesi, usioichosha.

"Nimekutolea hiyo kitu ya bure, shem," shemeji yake akasema, meno yote nje. Hakuna aliyemtuma. "Fundi wa Homa Bay amefuta yote, akaweka Windows ya ukweli. Sasa iko na nafasi!"

Feni ikazidi kulia. Joto likamuunguza mapaja, naye hakuisogeza.

"Kulikuwa na sauti humo."

"Sauti gani? Nyimbo? Nitakutafutia ingine."

"Ya ndugu yako, akiwaaga watoto wetu hospitalini," Lynnet akasema. "Haya, nitafutie ingine."