Jina la Kirumbi

Mama Pimbi, mjane mwenye majivuno, alikuwa na wana watatu. Mumewe, Kirumbi, alimwachia neno moja kabla ya kukata roho: mjukuu wa kwanza apewe jina lake. Kwa pimbi, jina lisilorithiwa na mjukuu limekufa.

Padri Korongo alipofungua seminari juu ya mwamba, ilikuwa banda la nyasi tu. Jirani, Mama Kicheche, akapeleka mwana mmoja, akabakiza wawili. Mama Pimbi akapeleka wake wote.

"Mama, bakiza japo mmoja," Korongo akamsihi. "Huku hakuna kuoa."

"Kwani wangu wana kasoro gani, Padri? Kicheche atoe mmoja, nami nitoe mmoja? Si tutakuwa sawa!"

Korongo akawapokea. Miaka ikapita, banda likawa majengo ya mawe na kanisa lenye kengele, na wana wote watatu wakapata upadri. Siku ya jubilei ya seminari Mama Pimbi aliketi mstari wa mbele. Nyuma yake Mama Kicheche alikuwa akihangaika kunyamazisha wajukuu.

Baada ya misa Mama Pimbi akamvuta kando mwanawe mkubwa.

"Baba Padri, unabatiza watoto wengi?"

"Wengi mno, Mama."

"Basi mmoja tu mwite Kirumbi."

"Mama, jina la mtoto huja na wazazi wake."

Mama Pimbi akarudi pangoni peke yake. Akaliita jina la mumewe kwa sauti. Mwamba ukamwitikia mara moja tu, kisha ukanyamaza.