Nafasi ya Wawili

Jirani yake Nyamizi, Mama Sijali, aliapa kwamba seva ya akina Ndaki ilizimika siku moja tu, na kesho yake zahanati ikawaambia hawana mtoto. Nyamizi hakubisha. Serikali ilimjua mtu kwa seva ya familia yake, na kuiwasha nyumbani kulikuwa marufuku. Jumba la seva lililomtunzia yake lilifungwa kabisa asubuhi hiyo. Akaifunga kwa kanga na kuzunguka nayo. Majumba mawili yalikuwa yamejaa.

Kwenye la tatu, mtunzaji alimkaribisha. "Humo mna watu wangapi, dada?"

"Watatu. Mume wangu, mimi na Tunu."

"Imebaki nafasi ya wawili."

"Tunu ana miezi minne, kaka. Si mtambananisha tu na mimi?"

Mtunzaji akashika kalamu. "Nitajie la kwanza kati ya hayo majina mawili."