Mhusika Ametoka Kidogo

Asubuhi hiyo mama yake Mama Pacha alikunywa chai miguu ikiwa juu ya stuli, kwa sababu chini hapakukanyagika. Majitaka yalikuwa yamepenya chini ya mlango, yakatanda chumba kizima mpaka kwenye miguu ya kitanda, na juu yake vilielea vitu ambavyo Mama Pacha hakutaka kuvitazama mara mbili.

"Mwanangu," mama alisema, khanga imeziba pua, "miaka sabini na mbili nimelala pabaya kwingi. Chooni ndiyo mara ya kwanza."

Chemba ya mtaa ilikuwa imefumuka tangu wiki iliyopita, na wapangaji walikuwa wamepiga simu idara ya majitaka mpaka wakachoka. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Watoto wake pacha alishawahamishia kwa shangazi yao, lakini mama, na miguu yake isiyobeba tena mwili, angehamia wapi?

Akambeba mgongoni hadi kwa jirani wa ghorofani. Akanawa miguu kwa sabuni ya kufulia, mara tatu. Akaondoka, na ile harufu ikaondoka naye.

Jengo la serikali lilikuwa na idara saba na choo kimoja kinachofanya kazi. Mlinzi wa mlangoni alimpungia mkono tu, hata daftari la wageni hakumsogezea. Mama Pacha alipanda juu mara moja, akashuka kwa ngazi za nyuma, akaingia idara ya majitaka saa tatu na dakika tano.

Dirisha la kwanza alikuwepo karani mmoja aliyelalia kiti. Alikuwa akichokonoa meno kwa kona ya fomu ya mtu.

"Habari za kazi, kaka. Nimekuja kwa ajili ya chemba ya..."

"Mhusika ametoka."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Kidogo ndiyo saa ngapi?"

Karani aliikagua ncha ya fomu, akaifuta kwenye suruali, akairudisha kwenye rundo pamoja na nyingine. "Mama, kidogo ni kidogo."

Mama Pacha akageuza uso. Fomu ile ilikuwa na picha ya mtu, bibi mmoja aliyevaa vizuri kwa ajili ya kupigwa picha.

Dirisha la pili alimkuta dada mwenye kucha ndefu, simu begani, akisimulia habari za harusi. Alipoulizwa kuhusu malalamiko ya mtaa, alisukuma mbele daftari nene bila kukata simu. Mama Pacha alilifungua. Majirani zake wote walikuwemo humo, kurasa saba, wengine wameandika kwa herufi kubwa kama wanaopiga kelele. Juu ya maandishi yao kulikuwa na duara za mafuta. Daftari lilikuwa linawekewa sahani.

"Hivi nyie ni watu kweli?" aliuliza.

"Ngoja kidogo, shoga," dada aliiambia simu. "Kuna mama hapa ananuka."

Hapo Mama Pacha hakungoja tena. Alipita pembeni ya kaunta, akasukuma mlango wa fundi mkuu bila kubisha.

"Mama yangu hawezi kutembea!" alifoka. "Amelala juu ya kinyesi cha mtaa mzima, na nyie huku mnachokonoa meno!"

Fundi mkuu, mzee mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala, aliinuka akamvutia kiti. Hakujitetea.

"Pole sana, mwanangu. Kaa. Nitakwambia ukweli, kwa sababu na mimi jambo hili limenikaba hapa." Akagusa koo. "Gari la kunyonya majitaka tunalo. Mafuta yamo, vijana wapo. Lakini kibali chake cha barabarani kimeisha, na bila muhuri mpya haliruhusiwi kutoka getini. Dereva wangu anapeleka karatasi kila siku. Anapanga foleni tangu asubuhi, anarudi jioni mikono mitupu. Muhuri mmoja tu, kazi ya dakika mbili."

"Anaambiwaje?"

"Mhusika ametoka."

Mama Pacha aliiona miguu ya mama yake juu ya stuli, imevimba, vidole vimekunjamana.

"Mtu wa namna hiyo hana mama," alisema polepole. "Angekuwa na mama asingeweza. Kwa nini hamumfukuzi?"

"Tumfukuzeje?" Mzee alikuna shingo. "Hata sura yake hatujawahi kuiona."

Mama Pacha alitoka humo akiwa na ladha mbaya mdomoni. Akatema kwenye ndoo ya taka, akatema tena. Kwenye kantini ya jengo alinunua soda baridi, akaketi kivulini akainywa kwa nafasi, akimsimulia muuzaji jinsi watu walivyooza mioyo. Muuzaji alikubali kila neno. Saa ya ukutani ilisoma saa sita kasoro robo.

Akapanda ngazi za nyuma hadi ghorofa ya pili. Ukumbi ulikuwa umefurika. Watu walikaa sakafuni wakijipepea kwa bahasha, mtoto analia, mzee amelala ameegemea ukuta. Mama Pacha aliruka miguu yao bila salamu, akafungua mlango wa pembeni kwa ufunguo wake. Sweta lake lilikuwa palepale alipolitundika kwenye kiti asubuhi. Akaketi, akaondoa kibao kilichosimamishwa kwenye kioo cha dirisha: MHUSIKA AMETOKA KIDOGO.

Mtu wa kwanza kwenye foleni aliinuka. Alivaa mabuti ya mpira, na karatasi aliyoipitisha chini ya kioo ilikuwa imelowa jasho la mikono.

"Shikamoo, dada," alisema. "Leo ni siku ya nane. Ni muhuri tu, wa lile gari la kunyonya majitaka."