Firigisi ya Mkubwa

Siku hizi ukimpiga ndugu yako, mahakama haikutozi fedha. Inakuvua ukubwa na kumpa uliyempiga, uwe ndio fidia yake, wala haiulizi kama ulikusudia.

Ndivyo Faki, mwenye mvi kichwa kizima, alivyojikuta akimwamkia mdogo wake Kombo kila asubuhi. Na firigisi ya kuku, ambayo huliwa na mkubwa wa nyumba, ikamhama. Kofi lenyewe moja tu, tena wala halikulia!

Dawa ni Kombo naye ampige. Wiki tatu Faki alimchokoza. Alimfichia meno ya bandia, na Ijumaa hii, wakisubiri chakula, akamwambia, "Shikamoo, kipara."

Kombo akarusha kofi. Faki, aliyeliombea dua kofi hilo, akaingiwa na woga, akainama. Likampata shavuni dada yao Raya, kitindamimba, aliyekuwa akiingia na sinia.

Raya aliweka sinia chini, akachukua firigisi, akaitia mdomoni.

"Shikamoo, dada," wakasema wote wawili.

"Marahaba."

Alitafuna taratibu, kwa upande mmoja tu wa mdomo. Wao walikuwa wakiitazama firigisi.